Barua ya wazi: Kazi ya utafiti iko Malindi, basi imsomeshe mwana wa Malindi

Kwa Waziri wa Elimu,
Kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB,
Kwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi pamoja na wawakilishi wetu wa wadi,
Kwa wakuu wa vyuo vikuu vya umma hapa Pwani.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Malindi. Nawaandikia kwa ajili ya vijana waliomaliza shahada ya kwanza, tena wakaimaliza vizuri, na sasa wamekwama. Kumsomesha mtoto hadi chuo tumejifunza, kwa shida na kwa harambee. Kila mzazi hapa anajua fomu ya basari inachukuliwa wapi, nani anatia sahihi na chifu anapiga muhuri siku gani. Mtoto akishapata shahada yake, njia inaishia hapo. Matangazo ya ufadhili ninayoyasoma ubaoni yanaanzia kidato cha kwanza na kukomea shahada ya kwanza. Anayetaka uzamili anaambiwa ajitegemee, kana kwamba masomo hayo ni starehe ya mtu mwenye mshahara.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwetu sisi walimu shahada ya uzamili peke yake haimpandishi mtu daraja, basi msidhani najiombea. Wanaonisukuma ni wale niliowafundisha. Wanarudi na shahada za kemia, za uvuvi, za historia, za uuguzi, wananiomba barua ya mapendekezo kwa sababu wamepata nafasi chuo fulani. Barua naiandika kwa furaha. Kisha linafuata swali ambalo sina jibu lake: "Mwalimu, karo nitaitoa wapi?"

Jibu mnalo nyinyi. Sidai mfuko mpya wa kugawa hela. Nasema hivi: kazi ambayo mwanafunzi wa uzamili anaiweza ipo Malindi, inafanywa mwaka mzima, na kuna watu wanaolipwa kwa kuifanya. Ifungeni kazi hiyo na masomo, ili anayeifanya asamehewe karo na apate posho ya kuishi mpaka ahitimu.

Niwaonyeshe kazi yenyewe ilipo, maana aliye mbali aweza kudhani Malindi ni hoteli na ufuo tu.

Ngomeni, kaskazini ya mji, kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio, ambacho wengi wetu tunakiita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini pale, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani, na mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa mchango wake katika kugundua vyanzo vya mionzi hiyo. Nikiwasimulia watoto wa kidato cha tatu habari hii hawaamini kwamba ilitokea kwenye maji ambayo baba zao wanavua. Mkataba mpya wa Kenya na Italia kuhusu kituo hicho, uliotiwa sahihi mwaka 2016, unagusa pia elimu na mafunzo. Waziri, namwomba mtu wako aifungue sehemu hiyo, aulize ni vijana wangapi wa Malindi na Magarini wamesomeshwa uzamili kupitia mkataba huo, na hesabu hiyo itangazwe hadharani.

Kusini kuna Gede, mji wa kale ambao James Kirkman alianza kuuchimbua miaka ya 1940 na ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Mahali pakishaingia kwenye orodha hiyo panataka watu: wa kupima kuta zinavyochakaa, wa kutunza vyungu na kauri zilizofukuliwa, wa kuandika simulizi za wazee wa vijiji vya jirani kabla wazee hao hawajaondoka. Ubavuni kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Baharini kuna hifadhi ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, na ndani ya ghuba yetu Mto Sabaki unatapika tope la bara lote kila mvua ikinyesha huko juu. Kuna mikoko, kuna mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kuna wavuvi wanaosema samaki wamepungua na wanaoweza kukuambia ni samaki gani na tangu lini. Kila kimoja katika hivi kinatosha tasnifu. Vingi vimeshaandikiwa, na waliokuja, wakapima, wakaondoka.

Wageni hao sina ugomvi nao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Lakini tazameni jinsi kazi inavyokwenda. Mtafiti akifika anatafuta kijana anayejua Kigiriama au Kibajuni, anayejua bamvua inaanza lini na maji yatakupwa saa ngapi, anayeaminiwa na wazee. Kijana anamwongoza, anamtafsiria, anajaza madodoso nyumba kwa nyumba, anapima samaki bandarini alfajiri. Analipwa kwa siku. Kazi ikiisha, mtafiti anarudi chuoni kwake na takwimu za kuandikia tasnifu. Kijana anabaki na namba ya simu. Baadhi ya vijana hawa wana shahada sawa kabisa na ile aliyokuwa nayo mgeni wao alipoanza uzamili. Tofauti yao ni kwamba nyuma ya mgeni kuna chuo kinachomlipia, na nyuma ya huyu wetu hakuna mtu.

Kuna jambo zito zaidi, na nalisema kwa heshima ya waliofiwa. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, waumini wanaodaiwa kuhubiriwa wafunge hadi kufa. Wapasuaji wa maiti, wapimaji wa vinasaba, washauri wa kukaa na wafiwa na manusura, wengi ilibidi watoke mbali. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa zao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Sisemi kuchelewa kule kulitokana na upungufu wa wataalamu peke yake. Nasema kwamba mji uliopitia jambo kama lile unahitaji watu wake waliosomea saikolojia ya tiba, afya ya jamii na uchunguzi wa vifo, na masomo hayo yote yanapatikana baada ya shahada ya kwanza. Wauguzi na walimu waliokaa na watoto wa manusura wapo hapa. Wanaotamani kusoma zaidi juu ya kazi hiyo wapo. Nani atawalipia?

Nije kwenye fedha zilizopo.

Basari haikuumbwa kwa ajili ya uzamili. Inakuja kidogo kidogo, mara moja kwa mwaka, imekatwakatwa ili kila nyumba ionje. Kwa mtoto wa kidato cha pili kiasi hicho kinamrudisha darasani. Kwa mwanafunzi wa uzamili karo ni laki kadhaa, na karo ni mwanzo tu. Kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kuna mashua na mafuta yake, kuna vipimo vya maabara, kuna nauli ya kumfuata msimamizi wa tasnifu Kilifi, Mombasa au Nairobi, na kuna makala ambayo vyuo hudai ichapishwe kwenye jarida kabla mtu hajavaa joho. Ukimpa basari ya muhula mmoja bila kujua muhula wa pili atalipa nini, umempa baharia tanga bila mlingoti.

Kuhusu HELB, nitasema kwa uwazi kwa kuwa ni shirika lililowasomesha wengi na ninalithamini. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mtu anatakiwa kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asipolipa, sheria inamtoza shilingi 5,000 kila mwezi. Jielimishe, mkopo ambao watumishi wengi wameutumia kusomea uzamili, umetengenezwa kwa mtu aliye kazini, mwenye hati ya mshahara na wadhamini. Sasa mchukueni binti aliyemaliza chuo, ajira hajapata, ameamua miaka hiyo ya kungoja aitumie kusoma. Deni la kwanza linamfuata likizaa, na mkopo wa pili hana cha kuuombea. Nafasi za ufadhili zilizobaki ni chache na zinagombewa na nchi nzima. Mfumo mpya wa kufadhili vyuo ulioanza mwaka 2023, ule unaopima uwezo wa familia, umetupeleka mahakamani na barabarani, na katika mabishano yote niliyoyasikia sijasikia mtu akiuliza: na wa uzamili je?

HELB inaweza kubadilisha jambo moja bila kungoja fungu jipya. Mhitimu aliye na barua ya kujiunga na uzamili wa kutwa, na chuo kikathibitisha kwamba anasoma, asitozwe faini wala asidaiwe fungu la mwezi mpaka amalize. Mmewahi kutangaza msamaha wa faini kwa wadaiwa waliokuja kulipa kwa mkupuo. Huruma hiyo ilimfaa mwenye pesa za kulipa mara moja. Huyu anayesoma naye anastahili kufikiriwa.

Wasiopata lolote kati ya hayo wanafanya vibarua, na hapa nataka tuelewane, kwa sababu watu husifu sana kijana anayejisomesha. Nimewaona wanaojisomesha. Mmoja analinda hoteli usiku na kusoma mchana, akifika maktaba analala juu ya kitabu. Mwingine anaendesha bodaboda, na msimu wa watalii ukiisha abiria wanapungua na karo inasimama. Binti niliyemfundisha fizikia, mwenye kichwa kizuri kuliko changu, anafundisha shule ya mtu binafsi kuanzia asubuhi hadi jioni kwa malipo ambayo yakitoka kodi ya nyumba hayabaki. Uzamili wa miaka miwili kwake umeshakuwa wa miaka mingi, na kila anapoahirisha muhula anatakiwa aanze tena kuandikiana na idara. Bidii yao naiheshimu kwa moyo wote. Lakini kazi isiyohusiana na masomo inayala masomo. Usiku mmoja wa kulinda lango ni usiku mmoja bila kuandika.

Kwingineko walishaliona hili. Marekani, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyepewa kazi ya kufundisha madarasa madogo ya shahada ya kwanza, au kumsaidia profesa kwenye utafiti, mara nyingi husamehewa karo, yote au sehemu, na hulipwa posho. Kwa kawaida kazi hiyo haizidi saa 20 kwa wiki; na mgeni aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kuzidisha saa hizo chuoni masomo yakiwa yanaendelea. Wana pia mpango wa serikali kuu wa kazi kwa wanafunzi, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini, ambao serikali hulipa sehemu kubwa ya ujira na chuo kinamalizia. Raia wao wa uzamili nao wanaruhusiwa kuuomba. Vijana wetu waliofika huko kutoka Pwani, wengi wamepita kwenye mlango huo wa kufundisha na kutafiti, maana mikopo ya serikali ile hawaipati.

Na mikopo hiyo yenyewe ina funzo. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa uzamili kule aliweza kukopa serikalini hadi kufikia gharama yote ya masomo. Madeni yakafura, na sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 ikaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo huo usitolewe tena kwa waombaji wapya, na ikaweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka kwa masomo ya kawaida ya uzamili. Kwa hiyo, Waheshimiwa, mkiamua kuiga, igeni ile kazi. Msituletee deni kubwa zaidi mkaliita ufadhili.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Uko Kilifi, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu kutoka hapa. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, kilichoanza mwaka 1989, huwachukua wahitimu wakafanya kazi maabara na kwenye miradi huku wakilipwa na kufundishwa. Kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Pwani kutoa stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya, na kuna waliopanda kutoka hapo hadi uzamili na uzamivu. Kazi yao ndiyo masomo yao: anachokipima asubuhi ndicho anachokiandika jioni. Wanaosomea bahari wana ruzuku ndogo za WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Unguja. Swali langu ni kwa nini mwenye kusomea malaria apate njia hii, na mwenye kusomea historia ya Gede, tope la Sabaki au lugha ya Kigiriama asiipate.

Wakuu wa vyuo, najua vyuo vyenu vinadaiwa mabilioni, na najua mtaniambia hakuna pesa. Basi tupige hesabu pamoja. Madarasa yenu ya mwaka wa kwanza yamejaa mpaka wengine wanasikiliza dirishani. Mnaajiri wahadhiri wa muda ambao malipo yao huchelewa hata mwaka. Kuna makundi ya mazoezi yanayohitaji mtu wa kuyaongoza, kuna vitabu vya mitihani vinavyongoja kusahihishwa, kuna maabara zinazofungwa mapema kwa kukosa mtu wa kuzisimamia. Wakati huohuo madarasa yenu ya uzamili yana viti vitupu, kwa sababu aliyeitwa alishindwa na karo. Kumsamehe karo mtu ambaye vinginevyo asingekuja kabisa hakupunguzi shilingi hata moja katika sanduku lenu. Mhadhiri wa somo hilo yupo na analipwa, afundishe watatu au afundishe saba. Gharama ya kweli ni posho yake, na posho hiyo mnaweza kuitoa kwenye fungu mnalolitumia kwa kazi hizohizo. Cheo hiki si kigeni kwenu. Kizazi cha walimu walionifundisha mimi kilianza hivyo: idara ilimbakiza mwanafunzi wake bora awe mkufunzi msaidizi, asome uzamili akifundisha. Nafasi hizo zirudisheni, na mzitangaze kwa idadi.

Baadhi ya vyuo vina mpango wa kazi kwa wanafunzi wenye shida, na ni jambo jema, ila kazi zinazotolewa ni za kufagia, za jikoni na za kupanga vitabu. Mwenye shahada ya kemia mpeni maabara.

Gavana, kwako nina hoja ya kisheria, na ningeomba wanasheria wa kaunti waipime. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Ndiyo sababu Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitaka kaunti zisitoe basari za ngazi nyingine bila makubaliano na serikali kuu, tukaingia kwenye sintofahamu, na wazazi wakakimbizana na fomu zisizojulikana kama zitalipwa. Lakini Jedwali hilohilo limeipa kaunti afya, kilimo, uvuvi na shughuli za utamaduni. Hizo ni kazi zako bila mabishano. Idara yako ya uvuvi inahitaji mtu wa kukusanya takwimu za samaki katika bandari ndogo zote kutoka Kilifi hadi Ngomeni. Idara ya afya inahitaji wa kuchambua rekodi za zahanati. Mwajiri mwanafunzi wa uzamili kwa mkataba wa miaka miwili, umlipe ujira kwa kazi ya idara, na uandikiane na chuo kwamba kazi hiyo ndiyo utafiti wake. Hapo hujatoa basari. Umeajiri mtu kufanya kazi ya kaunti, na kaunti itabaki na ripoti inayoweza kutumika, iliyoandikwa na mtu atakayekuwa bado hapa mwaka unaofuata. Wadi zetu ni 35. Hata tukianza na mwanafunzi mmoja kwa kila jimbo la uchaguzi, ni watu saba.

Narudi kwa Waziri. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, ikasema utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Fungu linalofika halijakaribia kiwango hicho. Sitegemei pengo hilo lizibwe kwa bajeti moja. Ila kile kidogo kinachopatikana, kila ruzuku inayotolewa kwa profesa iwe na nafasi ya mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyelipiwa karo na posho, na jina lake liwe kwenye makala. Na watafiti wa kigeni, ambao tayari wanatakiwa kujishikiza na taasisi ya Kenya ndipo wapewe kibali, waombwe vivyo hivyo mradi wao ukiwa mkubwa na wenye bajeti ya kutosha. Wengi wao ni watu wema, nimekutana nao, na wangekubali upesi kama masharti yangekuwa wazi tangu mwanzo wanapoomba fedha kwao. Mradi ukishaanza, bajeti imefungwa na hata mwenye nia njema hana la kufanya.

Naogopa kitu kimoja, nacho ni kwamba mpango huu ukitekelezwa vibaya utazaa wafanyakazi wa bei rahisi wanaoitwa wanafunzi. Kwa hiyo saa za kazi ziwe na kikomo kilichoandikwa. Saa 20 kwa wiki ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mkataba uwe mkononi mwa mwanafunzi kabla hajaanza. Posho itoke kila mwezi, maana posho iliyolimbikizwa ndiyo inayomrudisha kijana kwenye bodaboda. Msimamizi asimtume sokoni wala asimfanye dereva wake. Nafasi zitangazwe hadharani, msikitini na kanisani na kwa chifu, ili mtoto wa Marafa na wa Baricho aisikie habari siku ileile anayoisikia mtoto wa afisa. Na wasichana wenye watoto wasihesabiwe kuwa wameshindwa kwa kupumzika muhula mmoja wa uzazi. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu limewaondoa masomoni wanafunzi wangu waliokuwa bora, na hakuna aliyewaandikia barua kuwaita warudi.

Mtajiuliza kama vijana wenyewe wako tayari. Kuna mpango karibu na hapa ambao kwa miaka zaidi ya 20 umekuwa ukitumia mapato ya utalii wa mazingira kulipa karo za sekondari kwa watoto wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na mikoko ya Mida. Unaitwa ASSETS, na unaendeshwa na A Rocha Kenya pale Watamu. Umeonyesha kwamba msitu unaweza kumsomesha mtoto, na kwamba mtoto aliyesomeshwa na msitu anaujali. Wa mwanzo wao sasa ni watu wazima. Walifikishwa kidato cha nne, wengine wakajikaza wakapata shahada. Kumtafuta wa kusomea uzamili wa misitu miongoni mwao hakutawachukua muda mrefu.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na wananchi tuna haki ya kutoa maoni. Tutakuja. Tunaomba, kabla ya tarehe hiyo, HELB, vyuo na idara za kaunti mtume mtu mwenye mamlaka ya kujibu, akutane na wahitimu hapa Malindi, mahali popote mtakapochagua. Watakuja na barua zao za kujiunga mkononi. Mkikubali, tuambieni ni nafasi ngapi, zinaanza muhula gani na zinalipwa kutoka fungu lipi. Mkikataa, semeni pia mapema, ili aliyepewa nafasi ajue aombe kwingine kabla haijapewa mtu mwingine.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa sekondari, Malindi